Duka la maziwa la Buhongwa: mapokezi ya kupigiwa mfano, kipimo kimoja kinachoharibu kazi

Duka ninalolitathmini hapa liko Buhongwa, jijini Mwanza, kando ya barabara inayotoka Nyegezi kuelekea Usagara na Shinyanga, na kwa muda sasa limekuwa tegemeo la familia nyingi za eneo hilo, pamoja na mama lishe na wauza chai ambao huanza shughuli zao kabla jua halijachomoza. Linauza bidhaa tatu tu: maziwa mabichi kwa shilingi 2,000 lita moja, maziwa yaliyochemshwa kwa shilingi 2,400, na mtindi kwa shilingi 1,500 nusu lita. Sitalitaja kwa jina, kwa sababu kasoro nitakazozieleza zimo katika maduka mengi ya aina yake, kuanzia Igoma hadi Kirumba, na isingekuwa haki kulitwisha duka moja mzigo wa wote, hasa duka ambalo kwa mambo kadhaa limewapita majirani zake.

Wateja wengi wa Mwanza humchagua muuza maziwa kwa kuangalia uzito wa maziwa, weupe wake, harufu yake, na ukubwa wa tabaka la mafuta linalojitokeza juu baada ya kuyachemsha. Wapo wanaodondosha tone kwenye ukucha ili waone kama litatiririka haraka. Njia hizi zina maana pale mnunuzi anapotaka kujua kama ameuziwa maji, lakini hazimwambii lolote kuhusu bakteria wanaosababisha magonjwa. Maziwa ya ng'ombe mwenye brusela, ugonjwa wa bakteria unaompata pia binadamu, huwa meupe, mazito na matamu kama ya ng'ombe mzima, na hayatoi harufu yoyote ya kumtia mtu shaka. Kwa hiyo nimeamua kulipima duka hili kwa maswali ambayo ulimi hauwezi kuyajibu: maziwa yanatoka wapi na kwa chombo gani, yanachukua muda gani kufika, yanapozwaje, yanachemshwaje, na muuzaji anamwambia nini mteja anayeyapokea.

Mapokezi ya asubuhi ndiyo sehemu bora kabisa ya duka hili, na anayefika kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi atayaona kwa macho yake, kwa maana yanafanyika mlangoni, mbele ya wateja. Wafugaji na vijana wa bodaboda huleta maziwa kutoka Usagara, vijiji vya Misungwi, na siku hizi hata kutoka upande wa Sengerema. Mama mwenye duka huyachota kidogo, akayamimina kwenye silinda ya plastiki na kutumbukiza laktomita, kifaa kinachoelea na kuonyesha maziwa ni mazito kiasi gani kuliko maji. Maziwa halisi ya ng'ombe yana uzito mahususi wa kati ya 1.028 na 1.036 yakiwa kwenye nyuzi joto 20, na yakiongezewa maji kipimo hicho huzama chini ya kiwango. Baada ya hapo huchanganya kiasi kidogo cha maziwa na kiasi kilekile cha alkoholi, akatikisa, na kutazama kama vitatokea vibonge. Vibonge humaanisha kwamba maziwa yameanza kuchacha, au kwamba yamechanganywa na dang'a ya ng'ombe aliyezaa karibuni, au kwamba kiwele kina ugonjwa. Katika mojawapo ya asubuhi hizo alimrudishia kijana mmoja dumu zima.

"Mama, shikamoo, haya nimekamua alfajiri hii hii," kijana alijitetea.

"Marahaba mwanangu. Alfajiri umekamua nusu. Nusu nyingine ni ya jana jioni, umeyachanganya. Yarudishe nyumbani, mwambie baba yako mimi sichukui ya kulala."

Nililipenda jibu hilo kuliko kitu kingine chochote nilichokisikia pale, kwa kuwa linagusa kiini cha tatizo la maziwa katika ukanda huu wa Ziwa. Mfugaji asiye na jokofu hukamua jioni, akayaacha maziwa usiku kucha kwenye chombo, kisha asubuhi akayamimina pamoja na yaliyokamuliwa muda huo ili ajaze dumu. Maziwa hutoka kwenye kiwele yakiwa na joto la mwili wa ng'ombe, yaani takribani nyuzi joto 38, nayo yana sukari, protini na maji, vitu vyote ambavyo bakteria wanavihitaji. Kinga ya asili iliyomo katika maziwa mabichi huwazuia kwa saa chache tu. Ikishaisha nguvu, bakteria wa kinyesi kama E. koli, katika joto linalowafaa, wanaweza kugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, na kwa hesabu hiyo mmoja anaweza kuzaa zaidi ya 500 katika muda wa saa tatu. Hatari ya maziwa yaliyolala haiishii kwenye uchachu: hayo machache ya jana huambukiza dumu zima la leo.

Muda wa safari nao una uzito wake. Kabla ya daraja la Kigongo na Busisi kufunguliwa mwezi Juni 2025, maziwa ya Sengerema yalikuwa yanasubiri kivuko, na foleni ya kivuko ilikuwa haina urafiki na maziwa yaliyofungwa nyuma ya pikipiki juani. Daraja limeondoa subira hiyo. Lakini halijaondoa tabia ya msambazaji ya kupita kwanza kwa wateja wake wa rejareja, nyumba hadi nyumba, kabla ya kufikisha dukani kilichobaki. Mama mwenye duka huuliza saa ya kukamua. Hakuna anayemlazimisha mleta maziwa kuitaja kwa ukweli, ila kipimo cha alkoholi humsaidia kumbaini anayedanganya sana.

Vyombo ni jambo ambalo duka limelitatua nusunusu. Wasambazaji wake wa kudumu wanatumia keni za alumini, zenye mdomo mpana na mfuniko unaobana, ambazo mtu anaweza kuingiza mkono na brashi akazisugua hadi chini. Wengine bado wanaleta kwenye madumu ya njano yaliyowahi kubeba mafuta ya kula. Dumu la namna hiyo lina mdomo mwembamba na pembe ambazo mkono haufiki, na plastiki yake hukwaruzika kwa ndani, ikawapa bakteria mahali pa kujishikiza na kujijengea utando usiotoka kwa kusuuza. Ukiongeza kwamba kusuuza kwenyewe mara nyingi hufanywa kwa maji ya kisima, ya mto au ya ziwa ambayo hayakuchemshwa, utaelewa kwa nini dumu linaweza kuchafua maziwa yaliyotoka safi kwenye kiwele. Duka likitaka kuwa na msimamo mmoja, likatae madumu kama linavyokataa maziwa ya kulala; wasambazaji watalalamika wiki ya kwanza na watanunua keni wiki ya pili.

Hadi hapo sifa zinazidi lawama. Tatizo linaanzia kwenye kibao kilichoandikwa kwa rangi ya bluu juu ya meza ya mauzo: "Maziwa safi, yamepimwa." Wateja wanayasoma maneno hayo kama hati ya usalama. Nimeona vijana wa bodaboda wakinunua kikombe cha maziwa mabichi ya baridi na kuyanywa palepale kwa mandazi, na mmoja alipouliza kama hayana shida, binti anayehudumia alimjibu kwa uchangamfu, "Haya yamepimwa kaka, wewe kunywa tu." Kwa kweli yamepimwa. Yamepimwa maji na uchachu. Laktomita haimwoni Brusela, haimwoni Salmonela, haimwoni bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe. Alkoholi nayo hugandisha maziwa yaliyochacha, lakini maziwa yanaweza kupita mtihani huo kwa heshima zote huku yakiwa na vimelea vya kutosha kumlaza mtu hospitalini, kwa sababu baadhi ya vimelea hivyo havihitaji kuwa vingi na wala havichachushi maziwa.

Kiwango cha Afrika Mashariki cha maziwa mabichi ya ng'ombe kinaeleza jambo hili kwa lugha ya namba. Maziwa ya daraja la kwanza ni yale yenye bakteria wasiozidi 200,000 katika mililita moja, na daraja la chini linalokubalika linafika 2,000,000. Namba hizo zimewekwa kwa kutarajia kwamba maziwa yatapitishwa kwenye moto kabla ya kumfikia mnywaji, na hazimhakikishii mtu kwamba kikombe cha maziwa mabichi kiko salama. Tena hesabu hiyo ni ya bakteria wote kwa ujumla, wabaya na wasio na madhara, na inahitaji maabara. Hakuna duka la mtaani, liwe Buhongwa au kwingineko, linaloweza kuifanya mlangoni. Kwa hiyo neno "yamepimwa" linapotamkwa bila kusema yamepimwa nini, linampa mteja imani ambayo vifaa vya duka haviwezi kuibeba.

Na madhara yenyewe si ya kuharisha siku mbili kisha mtu akaendelea na kazi. Brusela, ambayo wafugaji wanaifahamu kama ugonjwa wa ng'ombe kutupa mimba, humpata binadamu kwa kunywa maziwa mabichi au kwa kushika kondo na majimaji ya mnyama aliyeambukizwa. Huleta homa inayopanda na kushuka kwa majuma, jasho la usiku, maumivu ya mgongo na viungo, uchovu usioelezeka, na kwa wanaume wengine uvimbe wa korodani. Katika mikoa yetu ya Ziwa, ambako malaria ni ya kila siku, mgonjwa wa brusela anaweza kuzungushwa kwa muda mrefu akipewa dawa za malaria, kisha za taifodi, huku ugonjwa wenyewe ukichimba mizizi. Matibabu yake huchukua wiki sita au zaidi kwa dawa mbili zinazotumiwa pamoja, na ugonjwa unaweza kurudi dozi isipokamilika. Mtu mwenye homa isiyoisha anayekunywa maziwa mabichi anapaswa kumtajia daktari jambo hilo yeye mwenyewe, bila kusubiri kuulizwa, kwa kuwa linaweza kubadilisha kabisa vipimo atakavyoandikiwa.

Kifua kikuu cha ng'ombe ni habari nyingine ambayo wanunuzi hawaifikirii, pengine kwa kuwa jina lenyewe linawapeleka kwenye mapafu na kikohozi. Kikiingia kwa njia ya maziwa, mara nyingi hushika tezi za shingo au viungo vya tumboni, na vimelea vyake kwa asili havisikii dawa ya pirazinamaidi, ambayo ni mojawapo ya dawa za mwanzo za kutibu kifua kikuu cha kawaida. Salmonela na Kampilobakta huleta kuharisha, wakati mwingine kwa damu. Aina fulani za E. koli hutoa sumu inayoweza kuharibu figo, na watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi. Listeria humtishia hasa mjamzito, ambaye anaweza kupata homa ndogo tu huku mimba ikiharibika, pamoja na wazee na watu ambao kinga yao ya mwili imepungua. Nikiitazama foleni ya asubuhi pale Buhongwa, sioni kundi ambalo halimo katika orodha hiyo: kina mama wenye mimba, bibi aliyetumwa na binti yake, watoto waliobeba vikopo.

Sasa tuingie ndani ya duka. Kuna friza mbili za kulala, zilizosafishwa vizuri, na sakafu ya vigae inayopigwa deki mara kwa mara. Maziwa yaliyopokelewa huchujwa kwa kitambaa cheupe na kumiminwa kwenye ndoo kubwa zenye mfuniko, kisha ndoo huwekwa ndani ya friza. Kwa macho ni usafi mtupu. Lakini friza ya dukani imetengenezwa kuhifadhi kitu ambacho tayari ni cha baridi, na ndoo ya lita 20 yenye maziwa ya vuguvugu inaweza kukaa saa nyingi humo ikiwa bado ina joto katikati, ingawa kingoni inagusika kama barafu. Vituo vya kukusanyia maziwa hutumia matangi yenye mapanga ya kukoroga ili maziwa yote yashuke haraka hadi nyuzi joto 4. Duka dogo haliwezi kununua tangi kama hilo, hilo naelewa. Linaweza hata hivyo kuzitumbukiza keni kwenye beseni la maji yenye barafu na kuyakoroga maziwa kwa mwiko safi kabla ya kuyaingiza kwenye friza, na linaweza kununua kipimajoto. Hakuna kipimajoto hata kimoja mle ndani. Umeme ukikatika mchana, hakuna anayejua maziwa yamefika nyuzi ngapi uliporudi, na yanaendelea kuuzwa.

Ubaridi wenyewe, hata ukiwa kamili, hauui. Unawapunguzia bakteria mwendo, na Listeria haijali hata hilo, kwani huendelea kuongezeka taratibu ndani ya jokofu. Ipo pia aina ya Stafilokokasi, wanaotoka kwenye kiwele kinachoumwa au kwenye mikono ya mkamuaji mwenye kidonda, ambao wakiachwa kwenye maziwa ya joto kwa saa kadhaa hutengeneza sumu isiyoharibiwa na kuchemsha. Bakteria watakufa kwenye sufuria, sumu itabaki, na mnywaji atatapika ndani ya saa chache akishangaa, maana maziwa aliyachemsha. Hii ndiyo sababu kupoza mapema na kuchemsha ni kazi mbili zinazohitajiana. Anayesema "nitayachemsha tu nyumbani" bila kujali yamekaa juani tangu lini, amelinda nusu ya mlango.

Maziwa yaliyochemshwa ya duka hili ndiyo yaliyonifanya niandike. Yanachemshwa kwa gesi katika sufuria kubwa nyuma ya duka, mnamo saa mbili na nusu asubuhi, na mpishi wake anaifahamu kazi: yakipanda na kutaka kumwagika hapunguzi moto na kuyaepua, kwa sababu povu hupanda kabla maziwa hayajachemka sawasawa, bali huyakoroga na kuyaacha yatokote kwa dakika kadhaa. Viwandani huhitajika nyuzi joto 63 kwa dakika 30, au nyuzi joto 72 kwa sekunde 15, ili kuua Brusela, bakteria wa kifua kikuu, Salmonela na wenzao. Mwanza ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, na bado kiwango hicho kinapita mbali kile kinachohitajika. Sina shaka yoyote na sufuria ile.

Shaka inakuja baada ya sufuria. Maziwa yaliyochemshwa humiminwa kwenye ndoo inayofanana kabisa na ya maziwa mabichi, zikakaa pamoja ndani ya friza moja, na binti anayehudumia huchota kwa kipimo kilekile cha lita, akitoka kwenye ndoo ya mabichi kumhudumia mteja mmoja na kuingia kwenye ndoo ya yaliyochemshwa kumhudumia anayefuata. Kipimo hicho, katikati ya mteja na mteja, hukaa kwenye bakuli la maji ambayo kufikia saa nne huwa yamekwisha kuwa meupe. Kwa kitendo hicho kimoja, kazi yote ya moto, gesi iliyotumika na shilingi 400 za ziada anazolipa mteja zinapotea. Na kwa jambo fulani hali inakuwa mbaya kuliko ya maziwa mabichi: moto umewaua pia bakteria wa kawaida wa uchachu, ambao wangeshindana na wageni, na kimelea kinachorudishwa humo kinakuta uwanja mtupu na chakula tele. Zaidi ya hapo, mteja wa maziwa yaliyochemshwa hayachemshi tena. Amelipia hasa ili asiyachemshe.

Nilimweleza binti huyo, naye alinisikiliza kwa adabu na kusema kwamba atamwambia mama. Safari iliyofuata nilikuta kipimo cha pili kimenunuliwa, chenye mpini mwekundu, lakini wakati wa msongamano vyote viwili viliishia kwenye bakuli moja. Kinachohitajika ni ndoo zenye rangi tofauti, kipimo kinachoning'inia mahali pake bila kulazwa kwenye maji, na ikiwezekana ndoo ya maziwa yaliyochemshwa iwe na bomba chini, kama zile za kunawia mikono zilizoenea mwaka 2020, ili pasiwe na haja ya kuchota kabisa. Gharama ya yote hayo ni ndogo kuliko faida ya asubuhi moja.

Kuhusu mtindi nitasema machache lakini kwa msisitizo: ni mtamu, mzito, una uchachu wa kiasi, na siushauri. Unatengenezwa kwa maziwa mabichi yanayoachwa yagande yenyewe, kama ilivyokuwa desturi ya nyumbani kwetu Usukumani kwenye vibuyu. Wengi wanaamini kwamba uchachu huua kila kitu. Uchachu huwazuia bakteria wengi, ni kweli, lakini Brusela, bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe na Listeria wanaweza kustahimili humo kwa siku kadhaa, na baadhi ya E. koli hatari wanavumilia tindikali vizuri. Njia salama haiharibu ladha: maziwa yachemshwe, yapozwe hadi vuguvugu, yatiwe kijiko cha mtindi uliotengenezwa kwa usafi, yafunikwe. Duka ambalo tayari lina sufuria na gesi halina sababu ya kutofanya hivyo.

Wapo wateja waliojibizana nami pale mezani kwamba kuchemsha kunayaondolea maziwa nguvu. Kunapunguza baadhi ya vitamini, hasa C na chache za kundi B, na hakuna mtu anayetegemea maziwa kwa vitamini C ilhali maembe na machungwa yapo sokoni. Protini na kalsiamu zinabaki. Dai la kwamba maziwa mabichi yanatibu vidonda vya tumbo nimelisikia mara nyingi kutoka kwa watu wazima ninaowaheshimu, nami sitabishana nao zaidi ya kusema kwamba halina uthibitisho.

Jambo ambalo kuchemsha hakulisaidii, na ambalo duka halimuulizi msambazaji yeyote, ni mabaki ya dawa. Ng'ombe aliyetibiwa kwa antibayotiki anapaswa kupewa siku za kusubiri kabla maziwa yake hayajauzwa, na mabaki hayo kwa kiasi kikubwa hustahimili moto wa jikoni; kunywa kidogokidogo kila siku kunachangia bakteria kuzoea dawa tunazozitegemea hospitalini.

Vifungashio ni chupa za maji zilizotumika, zinazookotwa na kuoshwa, kwa wateja wasiokuja na chombo. Hapa sina la kutetea. Mdomo wa chupa ni mdogo kuliko wa dumu, na hakuna anayejua ilikotoka. Beba chombo chako mwenyewe, kilichooshwa kwa maji ya moto na kukaushwa.

Kwa upande wa sheria, biashara ya maziwa nchini inasimamiwa na Bodi ya Maziwa chini ya Sheria ya Maziwa ya mwaka 2004, usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tangu 2019, na maafisa afya wa halmashauri ndio wanaofika mitaani. Cheti cha usajili kimetundikwa ukutani na wahudumu wanavaa makoti meupe. Sikuona cheti chochote kinachohusu afya ya mifugo ya wasambazaji, na kwa maoni yangu hilo ndilo swali ambalo duka lenye wasambazaji wa kudumu wachache lingeweza kuanza kuliuliza: je, ng'ombe hawa wamewahi kupimwa brusela na kifua kikuu? Wakala wa Maabara ya Veterinari una kituo hapa hapa Mwanza, kwa hiyo umbali si kisingizio.

Hukumu yangu inatofautiana kwa kila bidhaa. Maziwa mabichi ya duka hili ningeyanunua kabla ya mengi yanayopitishwa mitaani kwa baiskeli, kwa sababu ya mapokezi yake makali, lakini ningeyanunua kwa ajili ya sufuria, si kwa ajili ya kikombe cha mezani. Yachemshwe siku hiyo hiyo, yapozwe ndani ya beseni la maji baridi yakiwa yamefunikwa, na yatumike ndani ya siku mbili kama kuna jokofu. Mtindi ungoje hadi watakapobadilisha namna ya kuutengeneza. Kibao cha bluu kibadilishwe maneno, au kiongezewe sentensi moja: "Chemsha kabla ya kunywa." Maziwa yaliyochemshwa yanafaa kununuliwa kwa sharti moja: fika mnamo saa tatu kasoro asubuhi, yanapoepuliwa, ukiwa na chombo chako safi, na umwombe dada akumiminie moja kwa moja kutoka kwenye sufuria kabla hayajaingia kwenye ndoo. Atakubali, mimi hunimiminia bila hata kununa, na foleni ya nyuma siku hizi imeanza kuwa ndefu kuliko ya mbele.